Ameshakula Mayai

Shepparton ni mji wa matunda, kaskazini mwa Melbourne, na katika mji huo Bronwyn Tripodi alijulikana kwa ujasiri. Siku za kazi aliuza pampu na mabomba ya kumwagilia mashamba. Lakini kiangazi kikikauka na moshi ukaonekana upande wa vilima, alifunga duka, akavaa suti ya njano na kupanda gari la zimamoto pamoja na wenzake wa kujitolea. Mwaka mmoja moto uliruka barabara, na wenzake wote wakarudi nyuma. Bron alisonga mbele, akamtoa mzee mmoja aliyekataa kuacha kondoo wake. Mpaka leo mzee huyo akimwona baa humnunulia bia.

Hakuna aliyejua kwamba Bron anaogopa yai.

Si yai lenyewe. Alichoogopa ni kumlisha mtoto wake. Kabla Rocco hajazaliwa, dada yake Bron alikuja kumtembelea na binti yake mchanga, Tilly. Walikuwa jikoni kwa Bron wakinywa chai. Tilly akapewa kipande cha mkate chenye siagi ya karanga, na kabla chai haijapoa midomo yake ilikuwa imevimba na kuiva rangi ya zambarau. Bron ndiye aliyembeba hadi kwenye gari. Mtoto alikuwa analegea mikononi mwake kama nguo iliyolowa. Tilly alipona, na sasa anakimbia na kutukana kama watoto wengine. Lakini Bron hakuusahau ule uzito uliolegea.

Rocco naye akazaliwa na ngozi korofi. Mashavu yake yalikuwa mekundu daima, na mikunjo ya mikono ilitoa maji. Muuguzi wa kliniki ya watoto alimtazama, akasema ni ukurutu, akampa Bron mafuta ya kumpaka.

"Sasa sikiliza, mama," muuguzi alisema. "Watu wengi wakiona ngozi hii wanamficha mtoto mayai na karanga. Wewe usifanye hivyo. Mtoto wa namna hii ndiye hasa anatakiwa aanze mapema. Akishaanza kula, mpe kidogo kwenye ncha ya kijiko, asubuhi, ukiwa na nafasi ya kumwangalia. Akiwa sawa, endelea kumpa kila wiki."

"Sawa," Bron akasema, na alimaanisha.

Asubuhi ya kwanza alichemsha yai hadi likakauka, akaliponda, akachota kwenye kijiko. Rocco akafungua mdomo mzima, kwa furaha, kama kinda. Bron akasimama na kijiko hewani. Alichokiona mbele yake hakikuwa mdomo wa Rocco bali wa Tilly. Akakirudisha kijiko kwenye sahani, akampa mtoto peasi lililopondwa, na yai akamtupia mbwa.

Mumewe, Angelo, alirudi kutoka kwenye shamba la mapeasi la baba yake na tope miguuni.

"Vipi, kijana amekula yai?"

"Amekula."

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Akajiambia kesho atalifanya liwe kweli. Kesho yake akachemsha yai jingine, na mbwa akala tena. Mbwa akaanza kunenepa. Angelo akawa anauliza kila jioni na Bron anajibu kila jioni, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ilivyozidi kuwa vigumu kusema, "Unajua, hajawahi kuonja." Angeanzaje? Mwanamke anayeingia kwenye moto, ashindwe na kijiko? Muuguzi alipouliza, alijibu vilevile. Karanga? Ndiyo, na karanga.

Likizo ya uzazi ilipokwisha, wakampeleka Rocco kwenye kituo cha kulelea watoto. Mkuu wa kituo, Colleen, alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ya refa. Aliwapokea mlangoni.

"Swali langu la kwanza kwa kila mzazi ni hili," alisema. "Maziwa, ngano, mayai, vyote ameshaonja nyumbani? Karanga na njugu za aina yoyote haziingii humu kabisa. Na hivyo vingine hatumpi mtoto kwa mara ya kwanza hapa. Sitaki kugundua mambo mimi."

Angelo akacheka. "Mayai? Huyu? Anakula kila asubuhi kama mkata magogo!"

Colleen akamgeukia Bron. "Mama?"

Angelo alikuwa anatabasamu. Rocco alikuwa anavuta hereni yake.

"Ndiyo," Bron akasema. "Ameshakula mayai."

Mpishi wa kituo alikuwa Drita Selmani, mama wa makamo, wa zile familia za Kialbania zilizoishi Shepparton tangu enzi za babu zao waliokuja kuchuma matunda. Watoto walimpenda kwa sababu aliwaimbia nyimbo za kwao huku akigonga sufuria. Asipokuwa na kazi jikoni, alitoka kusaidia kulisha wadogo.

Siku hiyo alipika mayai ya kuvuruga na viazi. Walezi walikuwa wamezidiwa, kwa hiyo Drita mwenyewe akamkalisha Rocco mapajani. Mtoto alikula vijiko vichache kwa hamu. Kisha akaanza kujisugua masikio. Drita akadhani ana usingizi. Mara ngozi kuzunguka mdomo ikainuka mabaka meupe yenye kingo nyekundu, kama ameumwa na siafu, na mabaka yakashuka shingoni. Rocco akatapika. Akakohoa, na kilio chake kikatoka kikiwa kimekwaruza.

"Colleen!" Drita akapiga kelele. "Colleen, njoo! Mtoto!"

Colleen alikuja mbio na ile kalamu ya adrenalini, sindano ya dharura ya mzio, inayokaa ukutani, akamlaza mtoto na kumchoma pajani juu ya suruali. Mlezi mwingine alikuwa ameshapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Bron alifika hospitali na mikono yenye grisi. Rocco alikuwa amepakatwa na Angelo, rangi imerudi, mabaka yanafifia. Colleen alikuwa amesimama kando, blauzi yake imechafuka matapishi. Daktari wa zamu, kijana mpole, alikuwa anaandika.

"Mama, nisaidie," akasema. "Amekula mayai leo. Ameshawahi kula mayai kabla ya leo?"

Hapo ndipo palikuwa mahali pa kusema kweli. Bron alilijua hilo wakati uleule. Angesema hapana, yangekwisha mle chumbani. Lakini Angelo alikuwa anamtazama, Colleen alikuwa anamtazama, na ile blauzi ilikuwa inanuka.

"Mara nyingi," akasema.

"Na hakupata shida?"

"Hakupata."

Daktari akakuna kidevu. "Basi haielekei kuwa ni mayai. Huenda kuna kitu kingine kiliingia kwenye chakula. Nitawaandikia mwende kwa mtaalamu wa mzio Melbourne. Mpaka hapo, msimpe mayai wala njugu."

Colleen akarudi kituoni moja kwa moja na kulipekua jiko. Nyuma ya maziwa, ndani ya friji, alikuta kopo la baklava, vitafunio vitamu vya unga na asali. Drita alikuwa ameileta kwa ajili ya walezi wenzake, kwa sababu ya Idi, na ndani yake mlijaa njugu za jozi zilizosagwa. Lilikuwa kosa, na Drita hakubisha. Alisema aliileta wanywe nayo chai baada ya watoto kuondoka. Hakuigusa alipokuwa anapika. Alikuwa na hakika. Karibu na hakika. Akaambiwa akae nyumbani mpaka uchunguzi uishe.

Habari ilienea. Dukani, mteja mmoja aliegemea kaunta akamwambia Bron, "Nasikia yule mama wa Kialbania nusura amuue mwanao."

"Bado hatujui," Bron akasema.

Huo ndio ukawa mwisho wa ushujaa wake. Akaendelea kumpimia bomba.

Nyumbani, Angelo alikuwa anachemka. "Wanajua kabisa njugu ni marufuku! Mtu mzima! Nitamfuata nimwambie."

"Mwache, Angelo."

"Unamtetea?"

"Mwache tu. Hakukusudia."

Angelo akambusu kichwani. "Una roho nzuri kuliko mimi," akasema. Bron akaingia bafuni, akafungua maji yatiririke, akakaa kwenye ukingo wa beseni mpaka akasikia Rocco anamlilia.

Siku chache baadaye mlango uligongwa. Alikuwa Drita, amevaa koti lake zuri kama anayekwenda msibani. Bron akamkaribisha ndani. Drita akakataa, akabaki kibarazani.

"Sikai," alisema. "Nimekuja kusema samahani tu, mwanangu. Nimewaza na kuwaza. Mikono nilinawa, nakumbuka, kwa sababu maji yalikuwa ya moto sana. Bakuli lilikuwa safi. Lakini kisu sikumbuki. Nilikata baklava asubuhi ile kwangu, na kisu kilikuwa kwenye mkoba. Labda nilikitumia. Labda nilikatia viazi. Mtu anawezaje kusahau kitu kama hicho?"

"Drita, si kosa lako."

"Unasema hivyo kwa sababu una moyo mzuri."

"Sivyo. Nakwambia si..." Maneno aliyahisi kabisa yakiwa nyuma ya meno.

Drita alikuwa anachungulia juu ya bega lake. Rocco alikuwa anatambaa sakafuni akimfuata mbwa. "Niruhusu nimwone," Drita akasema. "Nimwone tu. Sitamgusa." Akaificha mikono yake nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekatazwa, akainama kidogo na kumtazama Rocco. "Hujambo, zemër," akamwambia kwa sauti ndogo, neno la Kialbania, yaani moyo wangu. Machozi yakamdondoka kwenye kola ya koti.

Pikapu ya Angelo ikasikika ikiingia uani. Drita akashtuka, akashuka ngazi, akaondoka kwa kupitia upande wa pili wa nyumba. Bron alishangaa kwa nini anamkimbia Angelo hivyo. Hakuuliza.

Zamu yao ya kwenda kwa mtaalamu ilipofika, walipanda gari alfajiri kwenda Melbourne. Daktari aliitwa Nadarajah, mama mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi, mchangamfu. Alimvua Rocco fulana, akamlaza kifudifudi kifuani kwa Angelo, akamchorea alama ndogondogo mgongoni kwa kalamu. Kando ya kila alama akadondosha tone: maziwa, yai, ngano, karanga, jozi, na mengineyo. Kisha akapitisha kichomeo kidogo kwenye kila tone, kwa wepesi, kama anayegusa ngoma. Rocco alilia zaidi kwa kushikwa kuliko kwa kuchomwa.

"Sasa tusubiri kidogo," daktari akasema. "Msimwache ajikune. Huku tukisubiri, nielezeni tena kilichotokea."

Angelo akaeleza. Kituo, mpishi, baklava. Alieleza kwa hasira iliyokuwa imepoa ikawa ngumu. Bron alikuwa anatazama mgongo wa mwanawe. Ulikuwa mdogo, na mweupe. Kando ya alama moja ngozi ilianza kuinuka. Ikainuka tena. Ikawa uvimbe mpana, wenye matawi kama vijiguu pembeni, na wekundu ukaenea kuuzunguka.

Daktari akaleta rula ndogo, akapima. Akavua miwani, akaivaa.

"Hili ni yai," akasema. "Na ni kubwa. Jozi, hakuna kitu. Karanga, hakuna kitu. Maziwa na ngano, safi. Lakini mnaniambia amekuwa akila mayai kila asubuhi?"

"Kila asubuhi," Angelo akasema. "Tangu alipoanza kula."

"Basi sielewi. Kipimo hiki kinaniambia mwili unalikataa yai. Peke yake hakitoshi. Wapo watoto ngozi yao inavimba hivi na bado wanakula kitu hichohicho bila taabu. Ndiyo maana nusu ya kazi yangu ni kuuliza tu. Kama kweli amekula mayai mara nyingi akawa mzima, basi nianze kutafuta mahali pengine. Itabidi tuangalie kila kilichokuwa jikoni siku ile, na damu tumtoe..."

"Hajawahi," Bron akasema.

Daktari akaweka rula chini.

"Hajawahi kula yai. Siku ile ilikuwa mara yake ya kwanza. Nilikuwa nayachemsha, nampa mbwa. Na karanga pia hajawahi kuonja."

Angelo hakusogea, kwa sababu alikuwa na mtoto kifuani. Labda angesimama kama mikono yake ingekuwa huru. Alisema polepole, "Kila asubuhi?"

"Kila asubuhi."

"Nilikuwa nakuuliza."

"Ulikuwa unaniuliza."

Daktari Nadarajah alivuta kiti chake karibu. Hakumkaripia, na Bron alitamani angekaripiwa. "Si wewe wa kwanza kuniambia hivyo humu ndani," akasema. "Wanaoogopa ni wengi. Afadhali umesema. Ungenyamaza, mngerudi nyumbani mkiogopa kitu kisicho chenyewe."

"Kama ningempa mapema," Bron akauliza, "angekuwa hivi?"

"Sijui. Huenda mwili ungezoea. Huenda angeugua vilevile, ila angeugulia mbele yako, na ungejua ni nini. Siwezi kukudanganya kwamba najua."

Akawafundisha kutumia kalamu ya adrenalini, akawaonyesha kwa kalamu ya mazoezi isiyo na sindano. Akawaambia karanga waanze wiki hiyohiyo, wasicheleweshe tena.

Angelo aliendesha gari mpaka walipoiacha Melbourne nyuma. Akaegesha kwenye kituo cha mafuta, akazima injini, lakini hakushuka.

"Yule mama nilimtukana," akasema.

"Nani?"

"Drita. Nilimkuta kwenye duka la mikate, yuko na mjukuu wake. Nilimwambia mbele ya watu wote kwamba mikono yake isikaribie watoto tena. Mjukuu akaanza kulia." Akapangusa uso kwa kiganja. "Hakunijibu, Bron. Aliinamisha kichwa kama ana deni. Na wewe ulikuwa unajua."

"Sikujua ulimtukana."

"Lakini mengine ulijua."

Bron akashuka, akaanza kujaza mafuta.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kituoni kabla ya kufungua duka. Alimweleza Colleen yote, wima, mlangoni palepale. Colleen alimsikiliza mpaka mwisho, shingo ikigeuka nyekundu.

"Nilikuuliza," akasema. "Nilikuuliza wewe, si mumeo."

"Ndiyo."

"Nimemchoma mtoto wako sindano kwa mikono yangu mwenyewe. Na mpishi wangu nimemrudisha nyumbani kama mwizi." Akashusha pumzi. "Nitampigia simu. Lakini kwanza unakwenda kwake wewe."

Drita alikuwa uani kwake, anapanga pilipili nyekundu kwenye tambara zikauke. Bron alisimama upande mwingine wa uzio wa chini, akasema. Safari hii alisema bila kukata: mayai, mbwa, kituo, hospitali, na siku ile kibarazani.

Drita aliendelea kupanga pilipili mpaka ya mwisho. Ndipo akainuka.

"Nilikuja kwako," alisema. "Nilisimama mlangoni kwako na kulia. Ukaniacha nikalia."

"Ndiyo."

"Kisu nilikitupa, unajua? Kilikuwa cha mama yangu. Nilikitupa kwa sababu nilidhani kimetaka kuua mtoto. Mjukuu wangu shuleni wanamwambia bibi yako anaweka sumu. Mimi nilikuwa nanawa mikono, nanawa, mpaka ngozi imetoka." Sauti yake haikupanda. Ingepanda, Bron angejua la kufanya. "Uliogopa. Naelewa. Mimi pia nimelea, nimeogopa. Kuogopa sina neno nako. Lakini ulikuwa na mdomo."

"Nisamehe, Drita."

"Sasa hivi msamaha huo sina. Nenda kazini, mwanangu. Utachelewa."

Colleen alimwomba Drita arudi, akampelekea na maua. Drita aliyapokea maua, akakataa kazi. Alisema hawezi kupika huku watu wanamchungulia mikono. Muda si mrefu akapata jiko la nyumba ya wazee, upande wa pili wa mto, na inasemekana wazee wanampenda.

Bron alimweleza ukweli kila mteja aliyelitaja jambo hilo, kwa sababu hakuona njia nyingine ya kumsafisha Drita. Wengine waliligeuza mzaha. Kwenye mkutano wa zimamoto mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "Jamani, nimeona yai barabarani, tumpigie Bron simu?" Watu wakacheka. Bron akakubali kuchekwa. Kilichomuuma zaidi ni yule mzee wa kondoo, ambaye hakucheka. Aliendelea kumnunulia bia vilevile, ila sasa hakukaa naye kuinywa.

Na Angelo? Hakuondoka. Lakini kwa miezi mingi, Bron akimwambia mtoto amelala, alikwenda kuchungulia mwenyewe.

Rocco alipokuwa ameshaanza kutembea, Daktari Nadarajah aliwaita hospitali kwa jaribio. Watoto wengi wenye mzio wa mayai, alieleza, huliweza yai lililookwa sana ndani ya keki, na ni vizuri kujua. Lakini hilo lijaribiwe palepale wodini, wauguzi wakiwa karibu, si nyumbani. Keki ndogo ikakatwa vipande, cha kwanza kidogo kama punje ya dengu.

"Nani anamlisha?" muuguzi akauliza.

Angelo akanyoosha mkono, kisha akaurudisha. "Mama yake," akasema.

Bron akakishika kipande. Rocco akafungua mdomo. Bron akampa.

Wakasubiri. Muuguzi akamkagua ngozi, akamsikiliza kifua. Kipande kikubwa zaidi. Wakasubiri. Bron alimtazama mwanawe mdomoni, shingoni, masikioni, mpaka macho yakamuuma. Rocco alichoshwa na wote, akadai gari lake la kuchezea. Alasiri keki ilikuwa imekwisha, na mtoto alikuwa anaendesha gari juu ya goti la daktari. Mayai ya kuchemsha na ya kukaanga bado hapana, daktari akasema. Keki kama ile, ndiyo, mpeni mara kwa mara.

Kwenye maegesho, Bron alitoa simu akamwandikia Drita. Hawakuwa wamezungumza tangu siku ya pilipili. Aliandika kwamba Rocco amekula keki yenye yai hospitalini na yuko mzima, na kwamba aliona Drita anastahili kujua. Alifuta, akaandika upya, akatuma.

Jibu lilikuja kabla hawajatoka getini.

"Kasema nini?" Angelo akauliza.

"Anasema Mungu ashukuriwe. Tumbusu Rocco."

"Na wewe?"

"Mimi hakunitaja."

Angelo alingoja gari lililokuwa mbele lipite, kisha akaingia barabarani. Nyuma, Rocco alikuwa ameshalala, makombo ya keki yamemganda kidevuni.